Mwalimu na Kura Tatu

Soma kwa ajili ya somo hili: Yakobo 2:1–9, Matendo 10:34, 35.

Wazee wetu wa Tukuyu wanaikumbuka Tanganyika iliyogawanywa kwa rangi. Mzungu alikuwa na shule yake na hospitali yake, Mhindi zake, Mwafrika zake. Hata kura ilipokuja, ilikuja kwa rangi. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Waafrika zaidi ya milioni 8 walipewa viti sawa na Wazungu wapatao 20,000.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule Musoma akiwa na miaka 12, akasoma Tabora, Makerere na Edinburgh, kisha akafundisha Pugu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 alichaguliwa kuwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha ualimu. Alikuwa na mke na watoto, na mshahara ule ndio uliowalisha. Tusilipite jambo hilo haraka.

Januari 1958 TANU ilikutana Tabora. Wajumbe wengi walitaka kuususia uchaguzi wa kura tatu, na hasira yao ilikuwa ya haki. Nyerere aliwasihi waingie, tena wawaunge mkono Wazungu na Waasia walioamini usawa. Wakakubali, ingawa Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama chake. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, Lady Chesham, mama wa Kizungu mzaliwa wa Marekani, aliingia barazani akiungwa mkono na TANU.

Jaribu gumu zaidi lilikuja Oktoba 1961, na safari hii lilitoka nyumbani. Baadhi ya wabunge wa chama chake walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Walikuwa wamedharauliwa miaka mingi, nani angewashangaa? Nyerere alikataa kabisa, akatangaza kwamba serikali yake ingejiuzulu kama wazo hilo lingepita. Halikupita. Darasa lijiulize: je, sisi tuliowahi kubaguliwa tunampimaje jirani wa kabila lingine?

Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwezi uliofuata Nelson Mandela, aliyetoka Afrika Kusini kwa siri, alitua Mbeya. Hotelini aliona weusi na weupe wameketi pamoja barazani, jambo asilolizoea kwao. Mgeni mmoja Mwafrika akamwuliza mama Mzungu wa mapokezi kama Bwana Mwakangale, mbunge wa TANU, alikuwa amewaulizia wageni hawa. Mama akajibu kwamba ndiyo, ila alisahau kuwaambia, akaomba radhi. Yule Mwafrika akamwomba kwa adabu awatunze vizuri. Mandela, aliyekuwa na miaka 43, aliandika baadaye kwamba hapo ndipo alipojiona mtu huru kwa mara ya kwanza maishani.