Jaramogi na hospitali ya Kisumu

Kila nifikapo Kisumu husimama kidogo mbele ya hospitali kuu, ile ambayo wenyeji waiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Warusi. Hapo ndipo nimkumbukapo marehemu Jaramogi Oginga Odinga.

Alizaliwa Sakwa, Bondo, mwaka 1911 hivi. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, akawa mwalimu, kisha akaacha chaki akaingia katika biashara na siasa. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na 1964 akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya.

Mwaka 1966 alihitilafiana na Mzee Kenyatta, akajiuzulu, akaongoza chama cha KPU. Oktoba 25, 1969, Rais alipokuja kuifungua hospitali hii, wazee hao wawili walirushiana maneno mbele ya umati. Zogo likazuka, risasi zikalia. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Wenyeji husema ni zaidi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi na wenzake wakatiwa kizuizini. Je, msomaji, ni nani basi aliyebaki katika upinzani wa kuuliza Bungeni juu ya damu ile?

Hiyo ndiyo faida ya demokrasia niionayo: mnyonge kuwa na wa kumsemea pasipo hofu. Nasi Waislamu twaijua shura; mambo ya watu hushauriwa.

Mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 80 hivi, Jaramogi aliasisi FORD na wenzake, miongoni mwao Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Desemba ya mwaka huo sheria ya chama kimoja ikafutwa. Dhuluma haikwisha yote. Sisi wa Pwani twakumbuka jinsi chama cha IPK kilivyonyimwa usajili mwaka 1992. Lakini katika uchaguzi wa mwaka huo Jaramogi alikuwa wa nne kwa kura za urais, na hakutiwa kizuizini. Aliingia Bungeni kwa kiti cha Bondo, akawa kiongozi rasmi wa upinzani, mwenye haki ya kuuliza.

Alifariki dunia Januari 20, 1994, papo hapo Kisumu. Hospitali ile sasa yaitwa kwa jina lake.