Padre David Clement wa Bujora: Mchungaji Aliyeikaribisha Ngoma Kanisani



Mpendwa msomaji, ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 20 unafika Kisesa. Hapo unaiacha lami na kuelekea kilimani, kwenye yale mawe makubwa tunayoyajua sisi wa Kanda ya Ziwa, na unafika Bujora. Wengi huenda pale kuangalia ngoma za watemi, nyumba za msonge na wachezaji wa nyoka. Wanapiga picha, wanarudi mjini. Wachache huuliza ni nani aliyeyakusanya hayo yote, na kwa nini yako jirani na kanisa la parokia. Leo tumtazame huyo aliyeyakusanya, yaani Padre David Clement, ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka.

Padre Clement alikuwa mtu wa Quebec, nchini Kanada, na mwanashirika wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Shirika hilo lilianzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1868, na lilikuwa limekwisha kufika kusini mwa Ziwa Viktoria miaka mingi kabla yake. Misioni ya Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883. Kwa hiyo Padre Clement hakuja kuanza mwanzo. Alikuta makatekista, shule na waamini. Lakini alikuta pia swali ambalo lilikuwa halijajibiwa vizuri: Msukuma anapobatizwa, aiache wapi ngoma yake?

Swali hilo halikuwa dogo. Kwa Wasukuma, ngoma ni maisha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa sita hivi, vijana hucheza na kushindana. Kuna makundi mawili makubwa, Bagika na Bagalu, yaliyotokana na wapinzani wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Makundi hayo hucheza siku moja, kila moja uwanjani kwake, na lile linalovuta watu wengi zaidi ndilo linaloshinda. Katika mashindano hayo kuna ustadi, kuna nidhamu ya mazoezi, kuna nyimbo mpya zinazotungwa kila mwaka. Kuna pia dawa za kuvutia watu na za kumdhoofisha mpinzani. Ndiyo maana katika misioni nyingi za wakati ule jibu lilikuwa jepesi: Mkristo asionekane ngomani. Misa ilikuwa ya Kilatini, nyimbo zilitoka Ulaya, na ngoma ilibaki nje ya ua.

Padre Clement alianzisha parokia ya Bujora mwaka 1952, akachagua njia iliyo ngumu zaidi. Alikaa na wazee. Alijifunza Kisukuma, methali, mafumbo na nyimbo. Pamoja na wenyeji waliojua mila alifanya kazi ya kukusanya na kuandika mambo ambayo yangekufa pamoja na wazee hao. Kisha akaanza kuyaingiza kanisani yale yanayofaa kuingia. Pale Bujora kilizaliwa kikundi cha waimbaji na wachezaji kilichoitwa Bana Sesilia, yaani watoto wa Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki. Waliimba imani yao kwa sauti na mapigo ya kwao.

Kanisa la Bujora lenyewe ni la mviringo, mfano wa nyumba ya Kisukuma. Ndani yake alama za utemi zimetumika kumtangaza Kristo kuwa Mfalme. Bibi kizee asiyejua kusoma akiingia mle, anaelewa kwa macho kwamba amefika nyumbani kwa Mtemi aliye mkuu kuliko watemi wote.

Tukumbuke miaka yenyewe. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Liturujia tarehe 4 Desemba 1963, na humo ukaagiza kwamba muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake. Bujora ilikuwa na umri wa miaka 11 tayari. Leo neno utamadunisho tunalisoma darasani na kulijibia mtihani. Yeye alilifanyia kazi wakati ambapo hakuna aliyemhakikishia kuwa yuko sahihi.

Mwaka huo huo wa 1963 jambo jingine lilitokea nchini: utawala wa watemi ulifutwa. Ngoma za kitemi, viti na mavazi ya heshima vikabaki bila kazi. Vitu vya namna hiyo huliwa na mchwa au huuzwa kwa wageni. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa Bujora mwaka 1968, na vitu vingi vya watemi vikapata hifadhi katika jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Kuna pia nyumba ya mhunzi, nyumba ya mganga wa jadi, na jengo la Bagika na Bagalu.

Halafu kuna Bulabo. Neno hilo maana yake ni maua, na sherehe yenyewe huanza kwenye Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Baada ya Misa na maandamano ya Ekaristi, ngoma huanza, na mashindano huendelea kwa siku nyingi. Bagika na Bagalu wanakutana tena, mbele ya kanisa.

Sisi waseminari tunaocheza mpira wa kikapu jioni tunajua kocha ni mtu wa namna gani. Hafungi yeye. Anasimama pembeni, anawajua vijana wake mmoja mmoja, na furaha yake ni kuona wanacheza vizuri kwa vipaji vyao wenyewe. Padre Clement namwona hivyo. Hakuwafundisha Wasukuma kucheza. Aliwaambia kwa matendo kwamba uwanja huu nao ni wao.

Je, hakukuwa na hatari? Ilikuwepo, na bado ipo. Wapo waamini wema wanaouliza kama nyumba ya mganga inastahili kuwa karibu na tabernakulo, na kama dawa za ngomani zimekwisha kweli. Swali lao ni halali. Falsafa inatufundisha kutofautisha: ngoma si dawa, na kumjua babu yako si kumwabudu. Lakini kutofautisha huko hakufanywi kwa mbali. Anayetupa gunia zima hakuchambua pamba. Padre Clement alikubali kukaa chini na kuchambua, miaka mingi, na watu wenye pamba yao.

Aliaga dunia mwaka 1986. Mimi sikuwa nimezaliwa, wala wengi wenu mnaosoma. Nakiri kwamba kuna nyimbo za bibi yangu ambazo sizijui hata ubeti mmoja, na nilipokuwa seminari ndogo niliona hilo ni maendeleo. Ninapofikiri kwamba mtu wa Quebec alizithamini nyimbo za namna hiyo kabla yangu, naona haya kidogo, kisha naona kazi iliyo mbele yangu.

Mpendwa mseminari, likizo hii ukifika nyumbani, kaa na wazee. Uliza, sikiliza, andika. Nawe mwanaparokia, Bulabo ikifika, usiishie kwenye ngoma. Ingia kwanza kanisani. Na humo tumwombee Padre David Clement pumziko la milele.