Mchoraji wa Elsamere

Ukitoka Moshi kwenda Nairobi, ukaendelea mbele hata Bonde la Ufa, utafika ziwa la Naivasha. Huko ipo nyumba iitwayo Elsamere, ambayo sasa ni makumbusho. Aliyekaa humo ni Bibi Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka wa 1910 katika milki ya Austria, akaja Kenya mwaka wa 1937.

Wengi humjua kwa ajili ya simba wake Elsa, aliyemlea tangu utoto kisha akamrudisha porini. Lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji, na kwangu kazi hiyo ndiyo kubwa zaidi. Kwanza alichora maua ya nchi. Baadaye akaona ya kuwa mavazi na mapambo ya kale yanatoweka, na wazee wanaojua maana yake wanakufa. Serikali ikamwagiza ayachore. Basi akazunguka miaka kadhaa, kabila kwa kabila, wazee wakiketi mbele yake katika mapambo yao ya sherehe. Alichora picha zaidi ya 500, na nyingi zimewekwa katika makumbusho ya Nairobi.

Mwaka wa 1980 aliuawa huko Shaba. Kwanza watu walidhani ni simba. Kumbe ni mtu aliyekuwa mtumishi wake zamani. Majivu yake yakapelekwa Meru, kwenye kaburi la Elsa.