Dk. Hugh Trowell, daktari aliyeitafuta mishipa iliyoziba

Wiki hii kwenye kipindi cha afya tulizungumzia mafuta yanayoganda ndani ya mishipa ya damu. Hapa tunawaletea habari za daktari aliyeutafuta ugonjwa huo ng'ambo ya ziwa letu, Uganda, kwa zaidi ya miaka 20.

Hugh Trowell alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1904. Alifika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1935 akahamia Kampala, akafanya kazi Hospitali ya Mulago. Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa ya Makerere, na huenda anajulikana kuliko yeye. Trowell alipata jina kwanza kwa kuchunguza kwashakoo.

Lakini kuna jambo lilimshangaza. Kwao Uingereza mshtuko wa moyo ulikuwa unaua wengi, huku wodini Mulago hauonekani kwa Waafrika. Ilifika mwaka 1956 ndipo yeye na mwenzake wakaandika habari za mgonjwa Mwafrika wa aina hiyo: jaji mmoja mnene, aliyezoea vyakula vya Kizungu.

Enzi hizo, kuona vizuri ndani ya mshipa kulimaanisha kumpasua aliyekwisha kufa. Madaktari wa Kampala na wa St. Louis, Marekani, walilinganisha maiti 632 kila upande, za umri unaolingana. Matokeo yalitoka mwaka 1960. Marekani, waliokutwa na alama za mshtuko wa moyo walikuwa 136. Uganda alikuwa 1. Hatujakosea namba.

Trowell alishuku chakula. Watu wa Uganda walikula ndizi, viazi na maharage, vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kwetu tungetaja dona na michembe. Alirudi Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, akawa mchungaji wa Kianglikana, kisha miaka ya 1970 akaungana na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Mulago, kuandika kuhusu nyuzinyuzi. Hatusemi chakula ndiyo sababu pekee. Sigara, presha na kisukari navyo huharibu mishipa, na siku hizi wagonjwa wa kiharusi si wageni tena kwenye hospitali za kanda yetu.

Alifariki mwaka 1989, mashine za MRI zikiwa bado changa. Mashine hii ni sumaku kubwa yenye umbo la bomba. Mgonjwa hulazwa ndani, kisha hupelekewa mawimbi ya redio, yasiyo mbali sana na haya ya FM yanayowaletea sauti yetu. Maji na mafuta ya mwilini huyajibu kwa namna tofauti. Kwa hiyo daktari anaweza kuona, kwa mtu aliye hai, mafuta yalipojikusanya kwenye mshipa wa shingo, na kama utando unaoyafunika umekuwa mwembamba. Utando huo ukipasuka, damu huganda hapo na kiharusi kinaweza kufuata.

Zahanati zetu hazina mashine hiyo. Presha, inayochangia kuharibu mishipa hiyo hiyo, hupimwa kwa dakika chache tu.