Sydney Ringer na Maji ya Mfereji

Tukiulizwa majina ya wanasayansi tunataja Newton na Einstein, basi tumemaliza. Leo mimi nawaletea Sydney Ringer, daktari Mwingereza ambaye hadi leo jina lake linasomeka kwenye mifuko ya dripu hospitalini.

Bwana huyu alizaliwa mjini Norwich. Alisomea udaktari London, akahitimu mwaka wa 1860, kisha akafanya kazi katika hospitali ya University College. Alitibu, akafundisha, na kila alipopata nafasi alikimbilia maabara.

Mwaka wa 1882 alichapisha majaribio yake ya moyo wa chura. Moyo ule, ingawa ulikuwa umetolewa mwilini, uliendelea kudunda ndani ya maji ya chumvi. Kumbe maji yenyewe yalikuwa ya mfereji! Alipotumia maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini yoyote, moyo ulinyong'onyea ukasimama. Akaongeza kalsiamu kidogo, nao ukaamka.

Sasa angefanyaje? Alikuwa daktari mwenye jina, na kitabu chake cha tiba cha 1869 kilisomwa sana. Angenyamaza, nani angejua? Lakini mwaka wa 1883 alichapisha makala nyingine, akaeleza wazi kasoro ya ile ya kwanza. Kweli, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kasoro ile ndiyo iliyofichua kazi ya kalsiamu.

Mnamo 1925, Gorter na Grendel wa Uholanzi walionyesha kwamba utando wa seli una tabaka mbili za mafuta. Kalsiamu haipiti ovyo katika mafuta hayo, kwa hiyo nje ya seli huwa nyingi karibu mara 10,000 kuliko ndani. Milango ya protini iliyomo utandoni ikifunguka, kalsiamu huingia kama tarishi mwenye barua, na msuli wa moyo hujikaza. Tena mafuta hayo si ukuta tu. Mwaka wa 1983 ilibainika kwamba katika seli nyingi aina moja ya mafuta ya utando hukatwa, na kipande chake huenda kufungua ghala za kalsiamu zilizo ndani ya seli.

Ringer hakuyaona hayo. Alifariki mwaka wa 1910, akazikwa Lastingham, kijiji ambacho aligharamia ukarabati wa kanisa lake kwa kumbukumbu ya bintiye mdogo aliyefariki. Katika miaka ya 1930 Hartmann wa Marekani aliongeza lakteti katika maji ya Ringer, na hadi leo maji hayo huwaokoa wagonjwa wa kipindupindu.

Wenzangu, jaribio la maabara likikataa kutoa jibu la kitabuni, tusinakili la jirani. Tuandike tulichokiona, kisha tuulize maji yametoka wapi.