Muyaka bin Haji na Vita vya Shela

Msomaji wetu apitaye michangani Shela hupita mahali ilipomwagika damu ya Waislamu kwa mikono ya Waislamu. Wazee waliviita vita hivyo vya Kuduhu, na mwaka wake hutajwa kuwa 1812 au 1813. Leo tumependa kueleza habari za mtu ambaye hakuwa liwali wala amiri wa jeshi, lakini ulimi wake ulikuwa na sehemu katika mambo ya siku zile, naye ni Muyaka bin Haji wa Mombasa.

Alizaliwa yapata mwaka 1776, zama za Mazrui. Gazeti halikuwapo, na kazi ya gazeti ilifanywa na shairi. Likitokea jambo mjini, Muyaka hulitungia, na watu wakazihifadhi beti zake na kuzichukua barazani, sokoni na vyomboni. Alitunga juu ya mapenzi na ufukara, na zaidi juu ya siasa ya mji wake. Alikuwa mtu wa Mazrui, wala hakuficha.

Ilipozidi fitina baina ya Mombasa na Lamu, na ugomvi wa usultani wa Pate ukiwa ndani yake, mashairi yakawa yakienda na kurudi baharini: huku Muyaka, kule Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu. Hapa na tusimame kidogo. Mwenye kujibizana kwa shairi hapati sifa kwa kupatanisha. Sifa yake ni kumkata mwenziwe maneno. Basi kila jibu lilizidi kuifanya suluhu ionekane aibu. Hatusemi kwamba Muyaka ndiye aliyeleta vita. Vililetwa na wakubwa na tamaa zao. Lakini kijana aliyepanda chombo kwenda Lamu alipanda masikio yake yamejaa.

Jeshi la Mombasa na Pate lilishuka Shela. Watu wa Lamu wakalipiga, likarudi mbio pwani, na huko likakuta maji yamekupwa na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Walikufa wengi, na mifupa yao ilionekana michangani kwa miaka mingi. Lamu, kwa kuogopa kisasi, ikataka himaya kwa Sayyid Said bin Sultan wa Oman, naye akaleta liwali wake. Ngome ikamalizika 1821. Tangu hapo mambo ya Mazrui yalikuwa ya kushuka. Pemba ikawatoka. Mwaka 1837, baada ya kuzozana wenyewe kwa wenyewe juu ya uliwali, Mombasa nayo ikachukuliwa, na wakubwa wao wakapelekwa Bandar Abbas.

Muyaka aliyaona yote hayo. Na hili twampa haki yake: upepo ulipogeuka hakugeuka nao, bali aliendelea kuwatia moyo watu wa mji wake wasimkubali Sayyid. Wangapi wenye kusema juu ya siasa wamethubutu hivyo? Alifariki yapata mwaka 1840.

Beti zake zilikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, na padri Mwingereza W. E. Taylor akaziandika; mwaka 1940 William Hichens akazitoa kitabu Johannesburg. Mwaka 1995 mashairi ya vita vya Kuduhu yalipigwa chapa Marekani, na humo ya Mombasa na ya Lamu yamo katika jalada moja.