Patton, jenerali aliyeanza kwa kufundisha lugha ya mateke ndani ya kifaru

Wengi wanamkumbuka George Patton kwa bastola zake zenye mpini wa pembe za ndovu na kwa namna alivyopeleka jeshi lake mbio kuvuka Ufaransa mwaka 1944. Wachache wanajua kwamba kazi yake ya kwanza na vifaru ilikuwa ya ualimu. Mwanzoni mwa mwaka 1918, katika kijiji cha Bourg karibu na mji wa Langres, mashariki mwa Ufaransa, alikuwa na shule, alikuwa na wanafunzi, lakini vifaru hakuwa navyo.

Alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka 1885 huko San Gabriel, California, katika familia yenye mali. Alimaliza chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1909 na kuingia jeshi la wapanda farasi. Mwaka 1912 alishiriki michezo ya Olimpiki mjini Stockholm na kushika nafasi ya tano katika shindano la michezo mitano: kupiga risasi, kuogelea, kupigana kwa upanga, kupanda farasi na kukimbia. Mwaka 1916 alimfuata Jenerali Pershing nchini Mexico, na mwaka uliofuata akavuka naye bahari kwenda Ufaransa, ambako vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vikiendelea.

Huko ndiko alikopewa kazi ya kuanzisha shule ya vifaru vyepesi. Jeshi la Marekani nchini Ufaransa halikuwa na kifaru hata kimoja wakati huo. Patton akaenda kujifunza kwa Wafaransa huko Champlieu, akaendesha mashine zao kwa mikono yake, kisha akatembelea kiwanda cha Renault karibu na Paris kuona jinsi zinavyotengenezwa.

Kifaru hicho, Renault FT, kilikuwa cha watu wawili tu. Dereva alikaa mbele, chini. Kamanda alisimama nyuma yake, kichwa na mabega vikiwa ndani ya mnara mdogo unaozunguka, na yeye ndiye aliyeangalia njia, aliyetafuta adui na aliyepiga bunduki. Dereva aliona kidogo sana kupitia matundu membamba ya chuma. Injini ilinguruma nyuma yao, minyororo ikapiga kelele chini, risasi zikagonga ubavuni. Kamanda angeweza kupiga kelele hadi koo likauke na mwenzake aliyeko hatua moja mbele asisikie neno.

Hivyo walitumia miguu. Teke mgongoni lilimaanisha nenda mbele. Kuguswa kichwani kwa kiatu: simama. Mateke ya kurudia kichwani: rudi nyuma. Kusukumwa bega la kulia au la kushoto kulimwambia dereva apinde upande huo. Hapa kwetu mtu aliyepanda basi anaelewa haraka jambo hili: konvoyeri hamwiti dereva kwa jina katikati ya makelele, anagonga bodi ya gari, na dereva anajua kama ni kusimama au kuondoka. Tofauti ni kwamba konvoyeri akikosea, abiria anashuka mbele ya kituo chake. Huko, kosa la bega moja liliingiza kifaru ndani ya handaki.

Kwa kuwa mashine zilichelewa, mazoezi yalianza kwa miguu. Askari walipangwa wawili wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, wakatembea uwanjani kama vile wako ndani ya chuma. Vifaru kumi vya kwanza vilifika kwa treni tarehe 23 mwezi wa tatu 1918. Patton mwenyewe alishughulika kuvishusha, maana kati ya watu wake ndiye aliyekuwa na uzoefu wa kuviendesha.

Mguu ulitatua shida ya watu wawili ndani ya kifaru kimoja. Lakini nani angesema na kifaru cha pili? Vifaru hivyo havikuwa na redio. Kulikuwa na bendera, njiwa na watu wa kukimbia na ujumbe. Katika vita vya Saint-Mihiel, tarehe 12 mwezi wa tisa, Patton, ambaye sasa alikuwa luteni kanali, alitakiwa kubaki karibu na simu yake. Hakubaki. Aliwafuata watu wake kwa miguu, na karibu na kijiji cha Pannes akapanda juu ya kifaru kimoja. Risasi zilipoanza kubandua rangi ya chuma karibu naye, akaruka na kujificha ndani ya shimo la bomu. Waliokuwa ndani hawakujua kuwa ameshuka. Kifaru kikaendelea mbele peke yake, bila askari wa miguu nyuma yake. Patton akakikimbilia na kugonga mlango wa nyuma kwa fimbo mpaka sajenti akafungua, ndipo akamwagiza ageuze.

Mkubwa wake, Jenerali Rockenbach, alimkaripia kwa kuacha kituo chake cha amri, na kwa upande wa kanuni alikuwa na haki. Lakini bila redio, kamanda aliyebaki kwenye simu hakuwa na vifaru vya kuongoza tena.

Wiki mbili baadaye, tarehe 26, karibu na Cheppy, ukungu ulifunika bonde na vifaru vikakwama kwenye mahandaki. Patton alisimama katikati ya risasi akihimiza watu wachimbe njia, kisha akaenda mbele na askari wachache. Wengi waliangushwa, naye akapigwa risasi juu ya paja. Msaidizi wake, Joe Angelo, alimburuta ndani ya shimo na kumfunga kidonda. Kutoka shimoni Patton alimtuma Angelo kuvionyesha vifaru mahali zilipo rashasha za Wajerumani. Ndiyo redio yake siku hiyo: kijana mmoja anayekimbia.

Vita vilipokwisha, sheria ya mwaka 1920 iliviweka vifaru chini ya jeshi la miguu. Patton akarudi kwenye farasi. Mwaka 1932 alikuwa meja mjini Washington, katika kikosi kilichotumwa kuwafukuza wapiganaji wa zamani waliokuja kudai malipo yao wakati wa njaa na ukosefu wa kazi. Angelo alikuwa mmoja wao. Alipotaka kumwona Patton, meja alikataa na kuagiza aondolewe. Kwa mtu aliyejua maisha yake yalikuwa mikononi mwa nani siku ile Cheppy, ni vigumu kumtetea hapo.

Alirudi kwenye vifaru mwaka 1940 huko Fort Benning, Georgia. Hali ilikuwa imebadilika: kamanda sasa alisema na dereva kwa mikrofoni iliyofungwa kooni na visikilizio masikioni, na vifaru vikasemezana kwa redio. Patton aliruka kwa ndege yake ndogo juu ya misafara kuangalia mwendo wao kutoka angani. Mwaka 1942 alifungua kituo cha mazoezi katika jangwa la California, kabla ya kuongoza majeshi yaliyoshuka Morocco mwezi wa 11.

Mwaka 1943, katika kisiwa cha Sicily, aliwapiga askari wawili wagonjwa hospitalini, waliokuwa wameishiwa nguvu za moyo kwa ajili ya vita. Teke la Bourg lilikuwa lugha ambayo wote wawili walikubaliana. Kofi la Sicily lilikuwa hasira tu, na lilikaribia kuvunja kazi yake. Alirudishwa kwenye uongozi na Jeshi la Tatu, ambalo vifaru vyake vilifika Bastogne, Ubelgiji, tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1944.

Tarehe 9 mwezi wa 12 mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha, gari alilopanda liligongana na lori la jeshi karibu na Mannheim, Ujerumani. Shingo ilivunjika na mwili ukapooza. Alikufa tarehe 21 katika hospitali ya Heidelberg, akiwa na miaka 60. Alizikwa Hamm, nchini Luxembourg, kati ya askari wake. Baadaye kaburi lilihamishwa na kuwekwa mbele ya mistari, kwa sababu wageni waliokuja kuliona walikuwa wakikanyaga makaburi ya wengine.